UZI: Vitufe vya fomu kwenye programu za kanzidata za simu. Kabla ya rangi na ikoni, jua rekodi yako iko hali gani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna swali napokea PM (ujumbe wa faragha) kila mara, maneno tu ndiyo yanabadilika: "Mkuu, kitufe changu cha Hifadhi kinazalisha rekodi mbili mbili." Mwingine: "Kitufe kimeganda, mtu anabonyeza hakijibu." Mwingine kafuta kazi ya siku nzima kwa kidole gumba. Nimeona nisijibu mmoja mmoja, niweke uzi. Ni mrefu. Mwenye haraka aruke hadi sehemu ya kubonyezwa mara mbili, hapo ndipo wengi tunapoumia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilitengeneza fomu ya ukaguzi wa vifaa. Mkaguzi anapita chumba kwa chumba, anaskani msimbopau, anachagua hali ya kifaa, anapiga picha, anahifadhi. Chini ya fomu nikapanga vitufe sita: Hifadhi, Hifadhi na Mpya, Piga Picha, Futa, Tuma, Funga. Vyote saizi moja, vyote bluu. Kwenye kompyuta yangu vilipendeza kweli kweli.

Kazi ikaanza. Jioni nikafungua jedwali nikakuta printa moja ina rekodi nne. Picha ileile, maelezo yaleyale, muda umepishana sekunde mbili tatu. Kumbe mkaguzi alikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, mtandao hakuna. Kabonyeza Hifadhi, akaona kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Ya tatu, ya nne. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo, na mimi pia.

Kosa langu lilikuwa kupanga vitufe kwa kutazama skrini: hapa pana nafasi, tia kitufe. Nilitakiwa niitazame rekodi. Saa hii iko katika hali gani, na mtu huyu anaruhusiwa kuifanya nini? Nikachukua karatasi nikaandika hali zote: rasimu, imehifadhiwa kwenye simu ila haijafika seva, imefika seva, imeidhinishwa na kufungwa. Mbele ya kila moja nikaandika vitufe vinavyohitajika. Rasimu inataka Hifadhi na Piga Picha, basi. Iliyohifadhiwa inataka Hariri na Kifaa Kinachofuata. Iliyofungwa haitaki kitufe chochote. Vile sita havikuwahi kuhitajika pamoja hata mara moja. Na "Tuma" kikafa kabisa, maana kama simu inajisawazisha yenyewe mtandao ukipatikana, kwa nini nimtume binadamu?

Jina la kitufe. Andika kitenzi kinachosema kitakachotokea. "Sawa" haisemi kitu. Kuna fomu niliwahi kuiona imeandika "Una uhakika unataka kughairi?" na chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Haya, ghairi ni kughairi ukaguzi au ni kughairi huko kughairi? Nilikaa nikaitazama kama mtihani. Weka "Tupa rasimu" na "Endelea kujaza", hakuna atakayeuliza.

Kubonyezwa mara mbili. Kinga yake iwe na tabaka mbili. Ya kwanza ni ya skrini: kidole kikigusa tu, maandishi yageuke "Inahifadhi…" na kitufe kikatae mguso mwingine hadi kazi iishe. Wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Simu inaweza kuizima programu yako katikati ya kazi kwa sababu ya uhaba wa kumbukumbu. Au, na hii ndiyo mbaya zaidi, seva imeshapokea rekodi lakini mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu inaamini haijafika, inatuma tena. Hapo hakuna aliyebonyeza mara mbili na bado una rekodi mbili.

Tabaka la pili liko kwenye jedwali. Kitambulisho cha rekodi kizaliwe fomu inapofunguliwa, si kitufe kinapobonyezwa. Tumieni UUID (kitambulisho cha kipekee cha nasibu au cha muda): ni biti 128, ikiandikwa ni herufi 36 ukihesabu na vistari, na simu inajitengenezea bila kuiuliza seva. Msitumie namba zinazojiongeza 1, 2, 3. Simu mbili zisizo na mtandao zote zitaunda namba 51, na zikikutana kwenye seva ni vita. Kitambulisho kikishakuwepo tangu mwanzo, kitufe kibonyezwe mara kumi, bado ni rekodi ileile inayoandikwa juu yake. Kwa SQL, lugha ya kanzidata, ni hivi (ingiza mstari; kitambulisho kikiwa tayari kipo, sasisha hali):

`INSERT INTO ukaguzi (kitambulisho, kifaa, hali) VALUES (?, ?, ?) ON CONFLICT (kitambulisho) DO UPDATE SET hali = excluded.hali;`

Futa. Kisanduku cha "Una uhakika?" hakilindi kitu mtu akishakizoea. Wiki ya pili vidole vinakijibu vyenyewe, macho yako kwingine. Mimi sifuti mstari. Naweka safu ya `imefutwa_saa`, kitufe kinaandika muda, rekodi inatoweka machoni, na chini ya skrini panatokea "Rudisha" kwa sekunde kadhaa. Tena Futa hakikai jirani na Hifadhi. Kinakaa ndani ya menyu, mtu akifuate.

Ukubwa. Apple wanashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44, Google wanasema dp (kipimo cha skrini cha Android) 48 kwa 48. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023 unadai angalau pikseli 24 za CSS, lakini hicho ni kiwango cha chini, usikifanye lengo. Ikoni yenyewe inaweza kuwa ndogo, eneo linalopokea mguso ndilo liwe kubwa. Na jaribuni kibodi ikiwa wazi. Mara ngapi Hifadhi kinafichwa na kibodi na mtu hajui pa kwenda!

Karibuni tujadili, na mnikosoe.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye ON CONFLICT DO UPDATE ongeza tahadhari, la sivyo watu watalia. Hiyo imekuja na SQLite (kanzidata ndogo inayokaa ndani ya simu) toleo la 3.24.0, Juni 2018. Ukitumia SQLite iliyomo ndani ya Android yenyewe, Android 10 inakuja na 3.22. Kuanzia Android 11 ndipo unapata 3.28. Kwa hiyo kwenye simu yako mpya itapita vizuri, ukimpelekea mtu mwenye simu ya zamani kitufe cha Hifadhi kinaangusha programu.

Na msikimbilie INSERT OR REPLACE kama mbadala. Jina linadanganya. Haisasishi mstari: inaufuta wa zamani kisha inaingiza mpya. Safu ambayo hukuitaja inarudi kwenye thamani yake ya awali au inabaki tupu. Na kama jedwali la picha limefungwa kwa ufunguo wenye ON DELETE CASCADE (mstari mkuu ukifutwa, iliyofungwa nao inafutwa pia), na umewasha ukaguzi wa funguo, mtu anarekebisha herufi moja tu na picha zake zote zinaondoka.

Kwa simu za zamani: INSERT OR IGNORE, halafu UPDATE, zote mbili ndani ya muamala mmoja (zifanikiwe zote au isifanyike hata moja).

#3 Mleta uzi

Mkuu #2 nashukuru sana, hiyo ya Android 10 sikuitaja na ni ya muhimu. Njia nyingine ni kubeba SQLite yako ndani ya programu, ila saizi ya programu inaongezeka. INSERT OR IGNORE pamoja na UPDATE inatosha kabisa.

#4 Mchangiaji

Mimi niko FileMaker Go (programu ya kutumia kanzidata za FileMaker) kwenye iPad. Niseme kwa wenzangu wa huko.

Ukiweka kitufe kinachoendesha skripti, usidhani kukibonyeza tu kunahifadhi rekodi. Mtu akiwa bado ndani ya sehemu anayoiandika, rekodi inabaki wazi, na ikiwa wazi imefungwa kwa wengine wote. Mwenzake akitaka kuihariri anapata kosa namba 301, rekodi inatumiwa na mtu mwingine. Nimeona timu nzima inalaumu mtandao kumbe mmoja kaacha iPad mezani kishale kikiwa ndani ya sehemu ya maelezo, kaenda chai.

Kwa hiyo skripti ya Hifadhi iwe na hatua ya kukamilisha rekodi, ikifuatiwa MARA MOJA na kusoma namba ya kosa la mwisho. Ikiwa 0, mwambie mtu imehifadhiwa. Ikiwa si 0, mwambie haijahifadhiwa. Ukiwasha kunyamazisha makosa halafu usiisome hiyo namba, kitufe chako kitasema "Imehifadhiwa" wakati hakuna kilichohifadhiwa. Bora hata kingenyamaza.

#5 Mchangiaji

AppSheet (ya kutengeneza programu bila kuandika msimbo) tunapita hapa pia. Kule wageni huwa wanatafuta namna ya kubandika kitufe chochote popote kwenye fomu na hawaipati. Vitendo, ndivyo vitufe vya kule, vinakaa kwenye mwonekano wa orodha au wa maelezo ya rekodi. Fomu yenyewe inakuja na Hifadhi na Ghairi zake, na maandishi ya hivyo viwili unaweza kuyageuza kuwa Kiswahili kwenye mipangilio. Ukitaka kitu kitokee baada ya kuhifadhi, kifunge kwenye tukio la fomu kuhifadhiwa.

Ile hoja ya mleta uzi ya hali ya rekodi inaingia kule moja kwa moja. Kila kitendo kina sehemu ya kuandika sharti, kwa mfano `[Hali] = "Rasimu"`. Sharti lisipotimia, kitufe hakionekani.

Kingine, safu yenye machaguo machache kama Nzima, Mbovu, Haipo, iwekeni ionekane kama vitufe badala ya orodha ya kushuka. Mguso mmoja badala ya miwili. Ukikagua vifaa mia unaiona tofauti kwenye mkono.

#6 Mchangiaji

#5 umesema vizuri ila nisisitize jambo kabla mtu hajalielewa vibaya: KUFICHA KITUFE SI ULINZI. Mtu asiyetakiwa kuidhinisha akifichiwa kitufe cha Idhinisha, hajazuiwa. Kafichiwa tu. Kama seva inakubali mabadiliko ya hali kutoka kwa yeyote, kuna siku yatakuja kupitia njia nyingine: orodha inayoharirika, faili lililoingizwa, toleo la zamani la programu. Sharti la kitufe ni la kumsaidia mtu asichanganyikiwe. Ruhusa ziwekwe kwenye jedwali na kwenye seva.

#7 Mchangiaji

Mleta uzi, umeruka kitu kimoja: kitufe kilichozimwa. Mimi Hifadhi yangu inabaki ya kijivu hadi sehemu zote za lazima zijae. Safi, hakuna anayehifadhi rekodi yenye mapengo. Unaonaje?

#8 Mleta uzi

Nilifanya hivyo miaka kadhaa, nimeacha. Fikiria fomu ya sehemu kumi na nane. Mtu kajaza kumi na saba, kitufe bado kijivu. Iliyobaki iko juu huko, keshaipita, haioni. Anabonyeza kijivu, hakisemi kitu. Anafunga programu, anaifungua upya, na hapo ndipo PM za "kitufe kimeganda" zinapoanzia.

Siku hizi naacha kibonyezeke. Akikibonyeza na kuna pengo, fomu inajisogeza yenyewe hadi kwenye hilo pengo, inaweka kishale ndani, na juu yake maneno mafupi: "Chagua hali ya kifaa." Rasimu nayo inajihifadhi kila anapotoka kwenye sehemu moja kwenda nyingine. Kitufe cha kijivu nakibakiza mahali pamoja tu, zile sekunde za "Inahifadhi…".

#9 Mchangiaji

#8 sikubaliani kwa asilimia zote. Fomu fupi ya sehemu tatu, zote zinaonekana bila kusogeza, kijivu kinaeleweka vizuri tu. Usiifanye sheria.

#10 Mleta uzi

Kwa fomu ya sehemu tatu nakubali, mkuu.

#11 Mchangiaji

Mimi si mtengenezaji, mimi ni mjazaji. Ndiyo ninayebonyeza hivyo vitufe vyenu kutwa. Naomba na mimi niseme.

Nashika simu mkono mmoja, mwingine umeshika ngazi au mlango. Kitufe kikiwa kona ya juu kushoto sikifikii. Wekeni kinachotumika sana chini, kipana. Halafu hizo ikoni zisizo na neno: pipa la taka naelewa, kishale kinachozunguka sielewi. Kinarudisha nilichofuta, kinasawazisha, au kinaanza upya? Siku moja nilidhani kinasawazisha. Kilikuwa kinasafisha fomu nzima. Nilirudia chumba kizima nikiwa nimenuna.

Na ukikuza maandishi ya simu, kama mimi na macho haya, "Hifadhi na Endelea" inakatika inabaki "Hifadhi na E…". Mnajaribu kweli?

#12 Mchangiaji

Dada #11 hapo umewagusa wengi, na mimi mmojawapo. Niongezee: kitufe chenye ikoni tu bila jina la ndani, anayetumia TalkBack au VoiceOver (visomaji vya skrini kwa sauti) anasikia tu "kitufe". Vitano vikifuatana, anasikia "kitufe, kitufe, kitufe". Kuna sehemu ya kuandika jina la kusomwa kwa sauti, haionekani kwenye skrini, inachukua dakika moja kuijaza. Na msitegemee rangi peke yake, kijani cha kukubali na nyekundu ya kukataa. Kuna wasiozitofautisha. Neno liwepo.

#13 Mchangiaji

Samahanini wakuu, mimi mwanafunzi. Fomu yangu ni ya wavuti, inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Nina kitufe cha "Ongeza kipengele" ndani ya fomu, kinatakiwa kiongeze mstari tu. Nikibonyeza, fomu yote inatumwa na ukurasa unajifungua upya. Nimekagua msimbo wangu siku mbili.

#14 Mchangiaji

Mdogo wangu, msimbo wako hauna shida. Kwenye HTML kitufe kilichomo ndani ya fomu usipokitajia aina, aina yake ni ya kutuma. Andika `type="button"` kwenye hicho cha Ongeza kipengele, kile cha Hifadhi kiachie `type="submit"`. Sote tumepitia hapo.

#15 Mchangiaji

#14 asante sanaaa, imekubali. Siku mbili kwa neno moja 😭

#16 Mchangiaji

Kuna anayetumia kitufe cha kuchukua mahali, yaani GPS? Changu kinaleta pointi iliyo mbali na jengo. Nikibonyeza tena inakaribia, nikibonyeza tena inahama.

#17 Mleta uzi

Usiandike pointi ya kwanza inayokuja. Simu mara nyingi huanza kukupa makadirio ya haraka kutokana na Wi-Fi au minara, au hata mahali ulipokuwa mwanzo, kisha setilaiti zikishapatikana inaboresha. Kila pointi inakuja na namba ya usahihi kwa mita. Kitufe changu kinafanya hivi: kikibonyezwa kinaonyesha "Usahihi: mita 60… 25… 9", mtu anaona namba ikishuka, na ikifika kiwango nilichoweka kinaandika na kusimama. Ikipita nusu dakika haijafika, kinamwuliza aichukue iliyopo au ajaribu tena nje. Muhimu, ile namba ya usahihi nayo ihifadhiwe kwenye safu yake. Bila hiyo, baadaye hutajua pointi ipi ni ya kuaminika.

Ndani ya jengo la zege usitegemee miujiza. Msimbopau wa chumba utakusaidia zaidi ya setilaiti.

#18 Mchangiaji

Mkuu, kabla sijawapa watu programu, nijaribu nini ili kesho nisije kulia hapa?

#19 Mleta uzi

Mimi huwa hivi. Simu ya zamani kuliko zote ulizonazo. Maandishi ya mfumo yakuzwe hadi mwisho. Washa hali ya ndege. Jaza fomu, bonyeza Hifadhi mara tano haraka haraka kama mtu mwenye hasira. Izime programu kwa nguvu. Ifungue, bonyeza tena. Zima hali ya ndege, na kusawazisha kukiwa katikati, iwashe tena. Iache dakika moja, izime. Halafu nenda kwenye seva uhesabu mistari.

#20 Mchangiaji

Nimefanya sasa hivi. Mistari mitatu.

#21 Mleta uzi

Kitambulisho unakiunda wapi?

#22 Mchangiaji

Ndani ya skripti ya kitufe… nimekielewa. Nakihamishia kwenye kufunguka kwa fomu.

#23 Mchangiaji

Mstari mmoja. Nimerudia mara tatu, mmoja.